Vita Vilivyovuka Mpaka

Mwishoni mwa mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Sir Edward Twining, alipeleka malalamiko London. Hakuwa akimlalamikia mkulima wala mfugaji. Aliwalalamikia maofisa wa serikali jirani ya Kenya, waliokuja kuwahoji Wakikuyu wa Jimbo la Kaskazini. Watu kati ya 170 na 200 walikuwa wamehojiwa, na wasiopungua 32 waliumizwa vibaya. Walichapwa viboko kwenye nyayo. Walichomwa kwa sigara zinazowaka. Walifungwa kamba za ngozi shingoni, kisha wakaburutwa chini.

Makao makuu ya Jimbo la Kaskazini yalikuwa Arusha, na mojawapo ya wilaya zake ilikuwa Mbulu. Mbulu ya wakati huo ilikuwa kubwa kuliko tunayoijua leo. Hanang ilikuwa ndani yake, Babati ndani yake, na Karatu pamoja na mashamba ya kahawa ya Oldeani yaliyofunguliwa na walowezi wa Kijerumani. Mkoa wa Manyara ulikuja baadaye sana, mwaka 2002. Katika mashamba ya walowezi ya jimbo lile, kuanzia Kilimanjaro Magharibi hadi Oldeani, walikuwapo Wakikuyu waliovuka mpaka kutafuta kibarua na mahali pa kulima. Wengi walikuwa na wake na watoto, na walikuwa wakipalilia kahawa kabla neno Mau Mau, jina la uasi wa Kenya dhidi ya wakoloni, halijasikika kwenye redio.

Tanganyika haikuwa vitani. Jambo hili lisisahaulike hata kidogo, kwa sababu ndilo linaloifanya habari hii istahili kusimuliwa upya. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, na Gavana Evelyn Baring. Upande wetu wa mpaka hapakuwa na msitu wenye wapiganaji wala kijiji kilichochomwa usiku. Kulikuwa na hofu ya serikali kwamba kiapo cha Mau Mau kingesambaa katika mashamba ya kaskazini. Kwa hofu hiyo Wakikuyu walianza kukusanywa. Wengine walirudishwa Kenya, wengine waliwekwa kizuizini. Na ili kujua nani ni nani, iliitwa timu kutoka Kenya yenye uzoefu wa kuchuja watu.

Kuchuja kulikuwa na utaratibu unaofahamika. Mtu aliketishwa mbele ya wahojaji akaulizwa swali ambalo jibu lake walikwisha kuliamua: umekula kiapo mara ngapi? Aliyekuwa amekula angeweza angalau kusema ndiyo, nilikula, akatumaini kwamba kipigo kitakoma. Aliyekuwa hajala hakuwa na pa kutokea. "Hapana" yake ilichukuliwa kuwa ukaidi, na ukaidi ulikuwa ushahidi. Kadiri alivyoshikilia ukweli ndivyo alivyozidi kuumizwa, hadi akubali uongo au wahojaji wachoke. Kwa hiyo mzigo mzito kuliko wote ulimwangukia yule asiyehusika.

Timu iliyokuja Tanganyika iliongozwa na Brian Hayward, ofisa mwenye umri wa miaka 19. Alikuja na Waafrika waliofanya kazi hiyo chini yake. Mambo yalipofichuka walipelekwa mahakamani, na Hayward akahukumiwa faini ya pauni 100 na kifungo cha miezi mitatu. Wakati huohuo, ng'ambo ya mpaka, Mkikuyu aliyekutwa na risasi mfukoni aliweza kunyongwa kwa hilo tu. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa Kenya kabla hali ya hatari haijaisha.

Maneno ya hakimu wakati wa kutoa adhabu yanastahili kukumbukwa kuliko adhabu yenyewe. Alisema, kwa maana, kwamba ni rahisi mtu kupandwa na hasira ya kujiona mtakatifu juu ya makosa ya namna ile, lakini lazima makosa hayo yapimwe kwa mazingira yake, kwani washtakiwa walikuwa wakiwasaka washenzi wakatili wa daraja la chini kabisa.

Nimezisoma hoja nyingi za kutetea mateso wakati wa vita, za wanafalsafa, za majenerali, za wanasheria wa Marekani baada ya Septemba 2001. Karibu zote zimo katika maneno ya hakimu huyo. Kwanza anayekasirika anafanywa mnafiki asiyejua hali halisi. Kisha kosa linaoshwa kwa neno "mazingira". Mwisho, aliyeteswa anaondolewa kwenye ubinadamu, na baada ya hapo hakuna swali linalobaki. Lakini waliochomwa kwa sigara walikuwa vibarua wa mashambani katika nchi isiyo na vita. Hakuna mahakama iliyokuwa imewaona na hatia ya ushenzi wowote. Hakimu alichukua tuhuma ya watesaji akaifanya kuwa utetezi wao.

Twining hakuwa rafiki wa Wakikuyu. Ni serikali yake iliyowakusanya. Lakini alikuwa na sababu ya kuchukia fujo ile katika jimbo lake. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Uingereza ilipaswa kujieleza New York jinsi inavyoiongoza. Jimbo la Kaskazini hasa lilikwisha kujulikana huko. Mwishoni mwa mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 walifukuzwa Ngarenanyuki ili kuwapisha walowezi, nyumba zao zikachomwa, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi Umoja wa Mataifa kuieleza dunia. Kwa hiyo gavana alijua kwamba kilio cha jimbo lile kingeweza kufika mbali. Kenya, iliyokuwa koloni la kawaida, haikuwa na mlango kama huo. Nadhani hapo ndipo penye tofauti kati ya serikali mbili za bendera moja: moja ilijua inaangaliwa.

Sheria nayo ilikuwapo. Tarehe 23 Oktoba 1953, katika msimu uleule wa malalamiko ya Twining, Uingereza ilipanua Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu uhusishe maeneo iliyoyatawala ng'ambo, Kenya na Tanganyika zikiwamo. Kifungu cha 3 cha mkataba huo kinakataza mateso. Kifungu cha 15 kinaruhusu serikali kusimamisha baadhi ya haki wakati wa vita au hatari kubwa kwa taifa, lakini kinataja zile zisizoweza kusimamishwa kamwe, na kutoteswa ni mojawapo. Walioandika maneno hayo walikuwa wametoka katika vita vilivyoteketeza bara lao zima. Hawakuwa watu wa kudanganywa kuhusu mazingira. Walikuwa wameona mazingira yote ambayo binadamu anaweza kuyaona, na bado wakaandika: kamwe.

Sitaki kuidharau hoja ya upande wa pili. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, kule Lari nchini Kenya, wapiganaji wa Mau Mau walizizingira nyumba za wafuasi wa serikali, wakazifunga milango kwa nje na kuzitia moto. Waliojaribu kutokea madirishani walikatwa kwa panga. Waliokufa wengi walikuwa wanawake na watoto. Aliyeziona maiti zile asubuhi, kisha akakabidhiwa mtuhumiwa anayeaminika kujua kijiji kitakachofuata, hakuwa akijadili falsafa. Aliamini kwamba nyuma ya ukimya wa mtu mmoja yamo maisha ya watu 70. Kwa nini asimchape?

Kilichofuata Lari kinalijibu swali hilo kuliko mabishano ya kinadharia. Askari na walinzi wa serikali waliingia vijijini kulipiza kisasi, na waliouawa katika kisasi hicho, kwa hesabu ya wanahistoria walioichunguza, hawakuwa wachache kuliko wa usiku wa kwanza. Kipigo hakikuishia kwa mtu mmoja mwenye siri moja. Hakijawahi kuishia hapo popote. Mtu yule anayejua bomu lilipo, ambaye mwalimu wa falsafa humweka ubaoni ili kuwabana wanafunzi wake, ni vigumu kumpata katika kumbukumbu za Kenya. Katika kumbukumbu hizo tunakuta maelfu ya watu waliokuwa vizuizini miaka na miaka, wakipigwa si ili waseme bomu lilipo, bali wakiri kiapo cha zamani, wakubali kazi, wavunjike.

Habari zenye manufaa kwa serikali ziliweza kupatikana kwa njia nyingine. Januari 1954 alikamatwa Waruhiu Itote, Jenerali China, kamanda wa wapiganaji wa Mlima Kenya. Kama kuna mtu aliyekuwa na siri za vita, ni yeye. Ofisa wa polisi Ian Henderson alikaa naye kwa mahojiano ya saa 68, akizungumza naye kwa Kikikuyu, na kutokana na mazungumzo hayo Waingereza walipata picha ya jeshi la msituni ambayo hawakuwa nayo. Ni kweli kwamba Itote alikuwa akikikabili kitanzi, na hilo nalo ni shinikizo kubwa. Hata hivyo jenerali alihojiwa kwa maneno, na mpalilia kahawa kwa kamba ya ngozi shingoni.

Walikuwapo Waingereza waliokataa. Jenerali George Erskine, alipokabidhiwa jeshi katikati ya mwaka 1953, aliwaandikia maofisa wake kukemea vipigo. Kapteni Gerald Griffiths wa jeshi la kikoloni la KAR alifungwa miaka mitano mwaka uliofuata kwa ukatili dhidi ya mateka. Kanali Arthur Young alitolewa London mwaka 1954 kuja kuongoza polisi wa Kenya, akajaribu kuchunguza uhalifu wa walinzi wa serikali, akazuiwa na watawala, akajiuzulu kabla ya mwaka kuisha. Watu hawa waliona vita vilevile na hatari ileile. Anayesema kwamba wakati ule hakuna aliyeweza kufikiri vinginevyo hana budi kueleza kwa nini mkuu wa polisi aliiacha kazi.

Ila aliyebaki aliandika sheria. Mwaka 1957, katika kambi za Mwea, palianzishwa utaratibu wa kuwavunja wafungwa wapya mara tu wanaposhushwa, kwa kuwapiga hadi watii. Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Baring akikiri kwamba mambo yale yalikumbusha Ujerumani ya Manazi, kisha akasaidia kutunga kanuni ya kuyaruhusu kwa kipimo. Ushauri wake ulikuwa kwamba kama ni lazima watende dhambi, basi waitende kimyakimya. Barua hiyo inanitia uchungu kuliko sigara za Hayward. Hayward alikuwa kijana wa miaka 19 aliyelewa mamlaka. Huyu alikuwa mwanasheria aliyeketi ofisini, akajua jina halisi la kitu alichokuwa akikiandikia kanuni, akaendelea kuandika.

Utaratibu huo ndio uliofika Hola, karibu na mto Tana, tarehe 3 Machi 1959. Wafungwa waliokataa kazi walipelekwa shambani wakiwa wamezungukwa na walinzi wenye marungu, kwa mpango uliokwisha kuidhinishwa kwamba walazimishwe. Wafungwa 11 walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali kwa magazeti ilisema walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Uchunguzi wa maiti ulionyesha mifupa iliyovunjika na majeraha ya vipigo.

Bungeni London, usiku wa tarehe 27 kuamkia 28 Julai, Enoch Powell alisimama kuishambulia serikali ya chama chake mwenyewe. Ni yuleyule Powell ambaye miaka tisa baadaye angewatukana wahamiaji weusi wa Uingereza, na kumsifu hapa si rahisi kwangu. Lakini usiku ule aliligusa jambo lenyewe. Mbunge mmoja alikuwa amewataja wafu wa Hola kama viumbe walio chini ya binadamu. Powell akajibu kwamba ni fundisho la kutisha kumhukumu binadamu mwenzako na kusema, kwa kuwa alikuwa mtu wa namna fulani, kifo chake kisiwe na matokeo ambayo kifo kingine kingekuwa nayo. Akasema pia kwamba Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki Afrika na kingine nyumbani. Hakimu wa mwaka 1953 alikuwa amejibiwa, japo kwa kuchelewa miaka sita na kwa gharama ya maiti 11.

Majalada ya hayo yote yalisafirishwa kwenda Uingereza wakati wa uhuru na kufichwa. Yalijitokeza mwaka 2011, katika hifadhi ya Hanslope Park, baada ya wazee wa Kikenya kuishtaki serikali ya Uingereza London: Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu Nyingi, Jane Muthoni Mara na mwenzao aliyefariki kesi ikiendelea. Nyingi alikuwa Hola siku ile ya Machi, akapigwa hadi kuzimia na kutupwa pamoja na maiti. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alikiri bungeni kwamba Wakenya waliteswa, akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa waathirika 5,228, huku akishikilia kwamba serikali yake haibebi dhima kisheria. Kesi ya pili, ya wazee zaidi ya 40,000, ilitupwa mwaka 2018. Mahakama iliona muda umepita mno.

Ni rahisi kwa Mtanzania kuisoma habari hii kama kesi ya Wakenya na Waingereza. Mimi naiona kama yetu, na si kwa sababu tu ya wale 32. Hoja iliyoletwa na timu ya Hayward haikuondoka nayo.

Kwa kweli mizizi yake ilikwisha kuwapo. Huko Mbulu wakoloni walikuwa wakiwaadhibu wafugaji wa Kibarabaig kwa sheria ya adhabu ya pamoja: mtu mmoja akiua, ng'ombe wa ukoo au wa eneo zima wanachukuliwa, mwenye kosa na asiye na kosa. Ilidaiwa kwamba bila hivyo hakuna atakayemtaja muuaji. Ni hoja ileile ya kuchuja, ikigeuzwa kutoka mwilini kwenda zizini.

Kisha tukajitawala. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, polisi na watu wa usalama waliendesha operesheni dhidi ya mauaji ya kikatili yaliyokuwa yakiwakumba hata vikongwe walioshukiwa uchawi. Lengo lilikuwa jema na wananchi walikuwa wakililia msaada. Watuhumiwa waliteswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa dola. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, ingawa hakuna aliyesema kwamba yeye aliamuru, na Mwalimu Nyerere akaridhia. Wakuu wengine nao waliondoka, na baadhi ya maofisa walishtakiwa. Nchi nyingi zilizopigana vita vikubwa kuliko operesheni ile hazijawahi kumwona waziri akiondoka kwa ajili ya mfungwa aliyepigwa. Mwinyi alikuja kuwa Rais mwaka 1985, na kujiuzulu kule hakukumpunguzia heshima; kulimwongezea.

Hanang ilikuwa na zamu yake. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Canada, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilifungua mashamba saba ya ngano kwenye nyanda za Basotu, jumla ya ekari zipatazo 100,000. Yalikuwa malisho bora ya Wabarabaig. Humo mlikuwa na makaburi ya wazee wao, vile vichuguu virefu vya udongo vinavyojengwa kwa miezi, tabaka juu ya tabaka, na watoto na wajukuu wa marehemu hadi sherehe ya bung'eda inapokamilika. Trekta zilipita juu ya makaburi hayo. Wafugaji waliopitisha ng'ombe kwenye njia zao za zamani walilalamika kwamba walipigwa, walitozwa faini, nyumba zao zilichomwa na wanawake wao walibakwa. Mahakama Kuu Arusha iliwapa ushindi wanakijiji wa Mulbadaw mwaka 1984, Mahakama ya Rufani ikautengua. Mwaka 1987 serikali ikazifuta kwa tangazo haki zao za kimila juu ya ardhi ile.

Safari hii hapakuwa na vita hata ng'ambo ya mpaka. Kulikuwa na ngano, na taifa lililohitaji mkate. Lakini sikiliza jinsi mfugaji wa Kibarabaig alivyozungumzwa katika miaka ile: mkorofi, muuaji, mtu aliyebaki nyuma, mwenye mkuki na shuka jeusi, anayezuia maendeleo. Mara tu alipokwisha kupewa sura hiyo, mgongo wake ulihesabiwa kuwa gharama ya mradi.

Waliokataa walikuwapo hapa pia. Wazee wa Kibarabaig waliendelea kufungua kesi, wanasheria wa Kitanzania wakawatetea, barua zikafika hadi kwa Wacanada waliokuwa wakilipia trekta. Serikali iliunda tume chini ya Jaji Robert Kisanga kuchunguza ukiukwaji wa haki za binadamu Hanang, ikamaliza kazi mwaka 1993, mwaka ambao Canada nayo ilijiondoa kwenye mradi. Jaji huyohuyo ndiye aliyekuja kuwa mwenyekiti wa kwanza wa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Ibara ya 13(6)(e) ya Katiba yetu inasema ni marufuku mtu kuteswa. Haitaji vita, haitaji operesheni, haitaji mradi wa taifa. Iliingizwa mwaka 1984, na wananchi wakaruhusiwa kuidai mahakamani kuanzia Machi 1988, wakati trekta zikiwa bado Basotu. Uganda ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso mwaka 1986, Kenya mwaka 1997. Tanzania, ambayo gavana wake wa kikoloni aliwahi kulalamika London kwa ajili ya vibarua 32, haijauridhia. Wabunge wa Mbulu na Hanang wana sababu kuliko wengine wote ya kuupeleka Dodoma, na ninawaomba wafanye hivyo.